Scorpion Unamjua. Daniel Pesina Je?

Wasee, swali la haraka. Nani alikuwa Scorpion kwenye Mortal Kombat ya kwanza? Usiniambie Hanzo Hasashi, hiyo ni stori ya ndani ya gemu. Nauliza binadamu. Msee wa nyama na mifupa aliyevaa yale mavazi ya ninja, akarusha mateke mbele ya kamera, ndio wewe leo ubonyeze vitufe na kupiga nduru kwa kibanda cha PS.

Anaitwa Daniel Pesina. Sub-Zero pia ni yeye. Reptile, yule wa kijani aliyefichwa, ni yeye. Johnny Cage, ule uso wa nyota wa sinema mwenye madharau, bado ni yeye. Wahusika wanne, mwili mmoja.

Najua wengi mnapenda hizi trivia za nyuma ya pazia, na leo nitawapa za kutosha. Lakini nina jambo langu. Nimefuatilia hii stori ya Mortal Kombat kwa muda, na naona tunahesabu damu isiyofaa. Ile ya kwenye skrini ni rangi tu. Ukatili wenyewe ulikuwa kwa makaratasi, na hayo makaratasi bado yanazunguka, yanatafuta watu wa umri wetu.

Twende polepole.

Watu wanne, na mmoja aliyekataa

Mortal Kombat ilitoka 1992, Chicago, Marekani, kwa kampuni ya Midway. Wakati huo gemu kubwa zilikuwa kwa zile mashine za kusimama mbele yake na kuingiza sarafu. Timu iliyoitengeneza ilikuwa watu wanne. Ed Boon aliandika programu. John Tobias alichora wahusika na kuwapa hadithi. John Vogel alishughulikia mandhari, na Dan Forden akashika sauti na muziki. Wanne, basi. Siku hizi hata video ya ruracio huja na watu wengi kuliko hao.

Mwanzoni walitaka gemu ya Jean-Claude Van Damme mwenyewe. Mpango haukushika. Kwa hivyo wakaunda nyota wao wa Hollywood, anayejipenda kupita kiasi, wakampa jina linaloanza na J na C kama la Van Damme. Halafu wakampa ile ngumi ya kuanguka msamba na kumgonga mtu mahali pabaya, waliyoitoa kwa sinema ya Van Damme, Bloodsport ya 1988. Ndio huyo Johnny Cage. Amezaliwa kama utani juu ya msee aliyekosa kuja.

Jina je? Wakati gemu inatengenezwa, kwa ubao kuliandikwa "Combat", mtu akapita akaandika K juu ya C, kujifurahisha tu. Steve Ritchie, fundi wa mashine za pinboli hapo ofisini, akaona, akasema: kwani msiite Mortal Kombat? Ritchie huyo huyo ndiye sauti ya Shao Kahn kwenye gemu ya pili. Ile sauti nzito inayokucheka ukichapwa ni ya mtu wa pinboli.

Pesina anampiga Pesina

Street Fighter II, iliyotangulia 1991, ilikuwa ya kuchorwa. Hawa wa Chicago wakachukua njia nyingine: walirekodi watu halisi. Mwanamichezo anasimama, anapiga teke, kamera inachukua. Halafu picha chache zinachaguliwa kutoka kwa lile teke, zinasafishwa kwa kompyuta moja baada ya nyingine, mandhari ya nyuma inafutwa, anabaki mtu peke yake. Ndio maana wahusika wa Mortal Kombat walionekana kama watu wa kweli wakati gemu zingine zilikuwa katuni.

Shida ilikuwa memori. Mashine za wakati ule hazikuwa na nafasi ya kuweka picha za mtu mpya kila mara. Suluhisho: rekodi ninja mmoja, kisha badilisha rangi. Manjano, Scorpion. Bluu, Sub-Zero. Kijani, Reptile. Kwa hivyo lile pambano maarufu zaidi la gemu, Scorpion na Sub-Zero waliochukiana mpaka kaburini, ni Daniel Pesina akimchapa Daniel Pesina.

Na hakuwa peke yake. Ho-Sung Pak alicheza Liu Kang, shujaa, na pia Shang Tsung, yule mzee mchawi anayetaka roho ya Liu Kang. Carlos Pesina, ndugu ya Daniel, alikuwa Raiden. Richard Divizio alikuwa Kano, Elizabeth Malecki akawa Sonya Blade. Goro wa mikono minne hakuwa na mtu. Alifinyangwa kama kinyago, wakamsogeza kidogo kidogo na kumpiga picha kila akisogezwa. Ilikuwa kama mchezo wa kuigiza wa shule: watoto wachache, sehemu nyingi, na kinyago kimoja.

Gemu ya pili ilipokuja 1993, mambo yakawa hayo hayo. Katalin Zamiar alicheza Kitana, Mileena na Jade, wote watatu. Divizio akaongezewa Baraka, yule wa visu mikononi na meno kama misumari. Ile sura ilikuwa barakoa ya Nosferatu ya kununua dukani, na yale meno ni kucha za bandia zilizopakwa rangi ya fedha. Kama una beshte anaitwa Baraka, mtumie hii. Mama yake alimpa jina la neema, na huko Chicago limevaliwa kucha mdomoni.

Waliojiandika ndani

Hapa sasa sikiza vizuri, maana ndipo stori inaanza kugeuka.

Wale wa ofisini walijua kujiweka ndani ya gemu. Noob Saibot, yule ninja mweusi, soma jina lake kutoka nyuma: Tobias Boon. Ni majina ya waumbaji wawili yaliyogeuzwa. Ukimpiga mtu ngumi ya kidevu kwenye gemu ya pili, wakati mwingine kichwa cha msee kinachungulia kwa kona ya chini na kusema "Toasty!" kwa sauti nyembamba. Huyo ni Dan Forden, msee wa sauti. Na ile "Get over here!" ya Scorpion, kilio maarufu kuliko vyote, ni ya Ed Boon mwenyewe.

Hata makosa ya kompyuta yalipata kazi. Kwenye menyu ya ukaguzi ya gemu ya kwanza kulikuwa na neno ERMACS, kifupi tu cha hitilafu za programu, la kuwasaidia mafundi. Watu wakaliona chini ya hesabu ya mapambano ya Reptile, wakaamua kuna ninja mwingine wa siri anaitwa Ermac. Picha feki ikachapishwa kwa jarida la Electronic Gaming Monthly. Uvumi ukachemka mpaka 1995, kwenye Ultimate Mortal Kombat 3, wakamleta kweli. Ninja mwekundu, Ermac. Uvumi ulipewa mwili.

Napenda hizi stori, sitadanganya. Zinaonyesha watu wachache wakicheka kazini na kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyejua kitafika mbali namna hiyo. Lakini angalia nani ameandikwa ndani. Boon yuko, Tobias yuko, Forden yuko, hata hitilafu ya kompyuta iko. Halafu angalia wale waliotoa miili.

Damu iliyopelekwa kwa Seneti

Tarehe 13 Septemba 1993 gemu iliingia majumbani. Matangazo yaliiita Mortal Monday. Toleo la Super Nintendo liliondolewa damu, ukigonga mtu anatoa jasho la kijivu. Toleo la Sega Genesis lilificha damu nyuma ya vitufe vya siri: A, B, A, C, A, B, B. Huo ni utani juu ya bendi ya Genesis na albamu yao Abacab. Kila mtoto aliuelewa haraka kuliko jedwali la hesabu, na Sega ikauza kuliko mwenzake.

Desemba mwaka huo maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakaitisha kikao Washington kuhusu ukatili kwenye gemu. Mortal Kombat ilikuwa mshtakiwa mkuu. Kutokana na shinikizo hilo, 1994 ikaundwa ESRB, bodi inayoweka alama za umri kwenye gemu. Ile M unayoona kwa boksi, na ambayo hakuna kibanda mtaani kinaijali, imetoka hapo.

Sipingi hicho kikao. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kuona mtu aking'olewa uti wa mgongo. Ninachosema ni kwamba Marekani nzima ilikuwa inajadili damu ya rangi, wakati wenye miili waliorekodiwa walikuwa na malalamiko yao, na hayo hayakufika kwa taarifa ya saa moja.

Asilimia 6

Malalamiko yalikuwa haya. Wale wanamichezo walisema walirekodiwa kwa ajili ya mashine za sarafu. Walilipwa kwa kazi hiyo. Halafu gemu ikahamia majumbani, ikauzwa kwa konsoli, ikawa biashara kubwa mno, na wao hawakupata mirabaha. Sura ile ile, teke lile lile, lakini malipo yaliishia siku ya kurekodi.

Pesina akaenda mahakamani. Kabla ya hapo, 1994, alikuwa ameonekana kwa tangazo la gemu pinzani, BloodStorm, akiwa amevaa kama Johnny Cage. Basi fikiria hali ilivyokuwa. 1996 mahakama ya shirikisho ya Chicago ikaamua: Midway wameshinda. Moja ya sababu ni kwamba picha zake zilibadilishwa sana na kompyuta, kiasi kwamba ukimweka yeye na Johnny Cage pamoja, ni vigumu kusema ndiye. Tena kulikuwa na utafiti wa wachezaji 306. Waliomtambua Pesina walikuwa asilimia 6. Hao ni watu kama kumi na wanane.

Soma tena polepole. Wanakurekodi. Wanakusafisha kwa kompyuta. Wanakuuza dunia nzima. Ukidai, unaambiwa umesafishwa mpaka hujulikani, kwa hivyo huna dai.

1997 wengine watatu wakajaribu: Phillip Ahn, aliyekuwa Shang Tsung wa gemu ya pili, Elizabeth Malecki na Katalin Zamiar. Wakashindwa pia. Walikubali kurekodiwa, mahakama ikasema, na rekodi ikishakamatwa kwa kanda inaongozwa na sheria ya hakimiliki. Hakimiliki si ya aliyepiga teke.

Na Johnny Cage? Gemu ya tatu ilipotoka 1995 hakuwepo. 1996 akarudi kwenye Mortal Kombat Trilogy, akichezwa na mtu mwingine, Chris Alexander. Jina lile lile, miwani ile ile, mwili mpya. Wachezaji waliendelea kubonyeza.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili. Midway hawakuiba. Walilipa walichoahidi, na wakati wa kurekodi hakuna aliyejua hii kitu italipuka. Wale wanne wa timu pia walikuwa waajiriwa, jina la gemu halikuwa lao. 2009 Midway ilipofilisika, Warner Bros. ndio walinunua, Mortal Kombat ikaenda nao. Boon mwenyewe aliendelea kama mfanyakazi kwa studio inayoitwa NetherRealm. Kisheria kila kitu kiko sawa. Na hapo ndipo uchungu wangu uko. Hakuna jambazi kwenye hii stori. Kuna karatasi iliyoandikwa kabla ya mafanikio, na karatasi kama hiyo humpendelea yule aliyeiandika.

Vichwa pia vinaumia

Msifikiri ni mambo ya zamani. 2019, mwaka wa Mortal Kombat 11, tovuti ya Kotaku ilichapisha maelezo ya mtu aliyefanya kazi kwa hiyo gemu, bila kumtaja jina. Ili fataliti zionekane za kweli, watu hapo ofisini walikuwa wakitazama picha za waliouawa na video za ng'ombe wakichinjwa. Huyu msee akaanza kuota ndoto za damu, akafika mahali anaogopa kulala. Alipomwona mtaalamu, akaambiwa ana PTSD, ugonjwa wa akili unaotokana na kuona mambo mazito.

Kama unaishi Nairobi hiyo unaijua bila kuelezwa. Vijana waliofanya kazi hapa ya kuchuja machapisho ya Facebook wako mahakamani, na Desemba 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya 140 kati yao walipatikana na PTSD. Kazi tofauti, jeraha moja. Skrini yako ikiwa safi, au ikiwa na damu iliyopangwa vizuri, kuna mtu aliangalia ile mbaya kwa niaba yako.

Kwa nini nawaambia nyinyi

Kwa sababu sisi ndio Pesina wa sasa. Hatuvai barakoa ya ninja, lakini tunatoa sura, sauti, densi na utani wetu kila siku. Kuna msee anarekodi tangazo la redio, kuna dada anapiga picha za duka la viatu, kuna mwingine anasoma sentensi elfu moja za Kiswahili ili kompyuta ifundishwe kuongea. Wote wanapewa karatasi.

Mwaka jana kampuni moja iliniletea mkataba wa kurasa tatu. Video moja, shilingi elfu nane, mara moja. Ukurasa wa pili ulisema sura na sauti yangu zitatumika milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazovumbuliwa, na wanaweza kuzibadilisha watakavyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sheria sijasoma hata sura moja, lakini milele naielewa. Nikawaomba waandike miezi sita, na mitandao waitaje kwa majina. Jibu halikuja mpaka leo. Wiki tatu baadaye niliona tangazo lile lile na kijana mwingine, anatabasamu. Simlaumu, kodi ya nyumba haingoji. Najiuliza tu kama alisoma ukurasa wa pili.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha yako ni data yako. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini. Safi kabisa. Lakini shika hapo kwa neno idhini. Yule mteja hakuwa amekubali. Wewe ukishaweka sahihi, umekubali. Ndicho walichoambiwa akina Malecki.

Kwa hivyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, uliza mambo manne. Itatumika wapi? Walirekodiwa kwa mashine za sarafu, pesa ikaja kwa konsoli, kwa hivyo taja kila mahali. Kwa muda gani? Milele si muda. Ikiuzwa kwa mtu mwingine, au ikilipuka, mimi napata nini? Hata asilimia ndogo iandikwe, kwa sababu asilimia ndogo ya kitu kikubwa ni kodi ya miaka. Na la mwisho, ambalo Pesina hangeweza kuliwaza 1992: mnaweza kutumia sauti na sura yangu kutengeneza mwingine kama mimi? Wakisema hapana, waandike hapana.

Utaambiwa unajifanya mkubwa, na kuna wengine mia moja nje wanangoja. Ni kweli wako. Ndio maana tunafaa kuuliza wote, maana mia wakiuliza swali moja, mwenye karatasi atatafuta jibu.

Nimalizie na trivia moja ya mwisho. 2023 ilitoka Mortal Kombat 1, toleo jipya. Waliolipia mapema walipewa sura maalum ya Johnny Cage. Uso wa nani? Jean-Claude Van Damme, na sauti yake pia. Yule aliyekosa kuja mwanzoni alifika miaka 31 baadaye, kwa jina lake kamili, na hakuna mchezaji aliyeshindwa kumtambua.

Haya. Ukicheza leo jioni, chagua Scorpion wa zamani, na mwenzako achague Sub-Zero. Mwulize nani anapigana na nani. Halafu kama umewahi kupewa karatasi ya milele, niandikie walikuahidi nini. Jina la kampuni usitaje, nataka kujua tu ukurasa wa pili ulisema aje.